Mbuzi Waliosimama Kati ya Kizuizi na Mto

Mheshimiwa mgeni wa heshima kutoka serikali yetu mpya ya kaunti. Bwana Morgan, uliyekuja kupokea ofisi ya wakimbizi. Bwana Kipkemboi, tunayekuaga leo, pamoja na Mama uliyesafiri kutoka mbali kuja kumchukua mzee wako. Viongozi wa dini. Wazee wa Turkana mliotupokea. Wazee wa kambi ya Kakuma mliopata vibali vya kufika hapa Lodwar. Ndugu wageni waalikwa, nawasalimu kwa Kiturkana: ejok.

Kwa jinsi mlivyoitikia, naona njaa bado haijawazidi. Na yule aliyekuwa akiitikia maombi kutoka nje ya mlango, msiwe na wasiwasi naye, nitamtambulisha wakati wake ukifika.

Mimi naitwa Athieng, binti Majok. Ni mwalimu wa shule ya msingi kambini, na huwa nafanya ukalimani akikosekana mwingine. Bwana Kipkemboi ndiye aliyetaka mkimbizi mmoja asimame hapa aseme, na ndiye aliyetia saini kibali changu cha kusafiri kutoka Kakuma, cha siku mbili tu. Nilimwomba tatu. Akaniambia, "Athieng, ni hotuba gani hiyo ya siku tatu?" Kwa hiyo nikikatiza maneno, mnajua wa kumlaumu.

Niseme kweli kuhusu mtu huyu, maana kwenye sherehe kama hizi watu husifiwa mpaka mke anageuka kuangalia kama ni mume wake anayesemwa. Bwana Kipkemboi si mtu mwepesi. Ofisini kwake foleni haikimbii. Amewanyima watu vibali, na mimi alininyima mara mbili. Akishasema hapana, unaweza kulia kwa Kisomali, kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kifaransa, jibu ni lile lile. Lakini atakuwa amekupa kiti kwanza, na maji ya kunywa, na atakuwa amekusikiliza mpaka umalize. Unatoka pale umenyimwa lakini hukudharauliwa. Sisi ambao tumezunguka ofisi nyingi tangu tuvuke mpaka, tofauti hiyo tunaijua vizuri.

Mama, kuna jambo ambalo nadhani mzee hakukusimulia. Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na nane, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, alipiga simu nyumbani kwenu na simu hazikupokewa. Alikuwa akija kazini, anakaa, hasemi na mtu. Asubuhi moja Mama Nyaruach, jirani yetu Mnuer, aliingia ofisini bila hodi, na wanawake wenzake nyuma, na sufuria ya uji wa mtama. Askari wakadhani ni malalamiko ya mgao wa chakula. Mimi nilikuwa msichana wa shule, wakaniburuta niwatafsirie. Mama Nyaruach akasema, "Mwambie hatutaki kitu. Mtu akingoja habari ya nyumbani hakai peke yake. Tumekuja kukaa na yeye."

Wakakaa chini, sakafuni, wakammiminia uji. Ofisa wa serikali ya Kenya alikunywa uji wa wakimbizi akaumaliza, na akalia. Usimtazame hivyo, Mama, alilia kweli. Jioni simu yako ikaingia, na Mama Nyaruach ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

Ndugu zangu, nimesimulia hilo kwanza kwa sababu ninalotaka kugusa sasa ni la siasa kidogo, na mwalimu wa kambini akigusa siasa inafaa akanyage polepole.

Kenya ndiyo iliyotufungulia njia mwaka wa tisini na mbili, baba yangu alipovuka mpaka na mimi mgongoni. Kenya ndiyo iliyokaa na wakubwa wetu waliokuwa wakipigana, ikawavumilia na hasira zao, mpaka wakatia saini ya amani, na leo Sudan Kusini ina bendera yake. Ni majirani wangapi duniani wanaoweza kusema walifanya hivyo kwa ajili ya moto wa nyumba ya mwingine? Na Kenya hiyo hiyo, Desemba mwaka jana, baada ya watu kuuawa kwa maguruneti mjini Nairobi, ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini warudishwe kambini. Simlaumu mtu kwa kuogopa guruneti. Sisi tuliyaogopa kabla yake, ndiyo maana tuko hapa. Ila nauliza, na nauliza kwa heshima: mama anayeuza chai Eastleigh, ambaye naye akisikia mlipuko anajificha chini ya meza, ana hatia gani?

Mwezi uliopita Mahakama Kuu ilisema amri ile haiwezi kusimama. Kambini watu walicheza. Nami nilifurahi, lakini si kwa sababu serikali ilishindwa. Nilifurahi kwa sababu katika nchi zote tulizopitia, hii ndiyo ya kwanza niliyoona mkimbizi anaishtaki serikali mahakamani, kisha jioni anarudi kwake, anakula, analala. Nchi inayoweza kusahihishwa hivyo ni nchi ya kuitumainia, na mimi naitumainia.

Wapo wanaotuuliza, "Mna nchi yenu sasa, mbona hamwendi?" Ni swali la haki. Baba yangu ni mtu wa Bor, na kila mara anapoanza kusema habari ya kurudi, inafika habari nyingine kutoka jimbo letu la Jonglei, ya vijiji kuchomwa na watoto kuchukuliwa. Siku tutakayorudi itafika. Lakini mtu hawezi kukaa miaka ishirini na zaidi akiwa amesimama mlangoni kwa sababu siku fulani ataondoka. Lazima akae chini, aoe, afuge.

Na hapo kwenye kufuga ndipo hotuba yangu inapoanzia. Hayo mengine yalikuwa salamu.

Wote mnaijua kanuni ya kambi. Mkimbizi haruhusiwi kufuga ng'ombe wala mbuzi. Kanuni hiyo ina maana yake: maji ni machache, malisho ni machache, na wenyeji walikuwa hapa kabla yetu. Lakini mwambie Mdinka asiwe na mnyama. Baba yangu alikaa miaka ya kwanza kama mtu aliyekatwa mkono. Alikuwa akiamka alfajiri na kusimama nje ya nyumba ya udongo, akitazama mahali ambapo zizi lingekuwa.

Wakati huo mke wa Mzee Ekuru, Mturkana wa boma la karibu, alikuwa akituletea kuni, na mama yangu akimpa unga. Siku moja Mzee Ekuru mwenyewe alipita kambini akimtafuta mbuzi aliyepotea. Akamuuliza baba jina lake. Baba akasema, Majok. Akauliza maana yake ni nini. Baba akamweleza kwamba ni rangi ya dume la ng'ombe, jeusi na jeupe. Mzee Ekuru akacheka mpaka akakaa, kwa sababu Waturkana nao humwita mwanamume kwa rangi ya dume lake. Walizungumza mpaka jua likashuka, kwa Kiswahili ambacho mimi mwalimu singekitia alama ya kupita. Yule mbuzi aliyepotea hakutafutwa tena siku hiyo.

Baba alipopata kazi ya ulinzi shuleni, alinunua mbuzi mmoja sokoni, akampelekea Mzee Ekuru amchungie. Maziwa ni ya anayechunga, watoto wanaozaliwa ni wa mwenye mbuzi. Wengine wakaona, wakafanya vivyo hivyo, kila mtu na rafiki yake. Bwana Kipkemboi alijua? Mimi sisemi alijua. Nasema tu kwamba alikuwa akipita kwa Mzee Ekuru mara kwa mara, na kila akifika pale macho yake yalikuwa yakipenda sana kutazama milima.

Sasa tufike kwenye ile amri ya Desemba. Amri ilisema wakimbizi wa mijini waje kambini. Lakini habari ikitoka Nairobi kuja Kakuma inasafiri mbali, na inachoka njiani. Ilipofika kwenye maboma ya Waturkana ilikuwa imeshakuwa hivi: serikali inawarudisha wakimbizi wote Sudan, kesho kutwa.

Mngefanya nini, ndugu zangu, kama mngekuwa na mbuzi wa mtu anayefukuzwa? Angalau wachache mngenyamaza. Waturkana hawa, ambao wengine huko kusini huwaita washenzi na wezi wa mifugo, waliamka usiku, wakatenga mbuzi wa marafiki zao, na kulipokucha walikuwa wakishuka mto Tarach, ambao ulikuwa mkavu, wakija kambini kuwarudisha. Hawakuitana, hawakufanya mkutano. Kila boma lilifikiri ni peke yake. Wakakutana mchangani, wakawa wengi, na vumbi likapanda.

Sisi kambini tuliona vumbi tu. Vijana wa Kidinka wakashika fimbo. Wanawake wakaingiza watoto ndani. Pale kwenye kizuizi cha kuingilia kambini askari walikuwa wachache, na waliona Waturkana mia kadhaa wakija mbio, wengine na bunduki begani kama kawaida ya mchungaji wa mpakani. Nilisikia bunduki za askari zikikokiwa. Nilikuwa karibu hivyo. Niliogopa jinsi ambavyo sikuwa nimeogopa tangu utotoni.

Bwana Kipkemboi alitoka ofisini na kikombe cha chai mkononi. Akasimama, akatazama lile vumbi, akawaambia askari, "Shusheni. Anayekuja kuiba mbuzi haji na mbuzi." Kisha akawapita, akaenda peke yake, na kile kikombe.

Alimkuta Mzee Ekuru mbele. Mimi niliitwa nitafsiri lakini hawakunihitaji. Mzee Ekuru alisema, "Nimeleta mbuzi ya rafiki. Nasikia nyinyi nafukuza yeye. Sasa huko atakula nini?"

Mnasikia? Nusura watu wapigwe risasi kwa sababu ya uaminifu.

Baba yangu akaitwa. Alikuja, akawatazama mbuzi wake mmoja mmoja, maana wengine alikuwa hajawahi kuwaona mchana. Mzee Ekuru akamwambia, "Shika." Baba akakataa. Akasema, "Nikishika hii mbuzi, nimekubali naenda. Mimi sijakubali." Na wengine wote nyuma yake wakakataa vile vile. Mzee Ekuru naye akasema hawezi kuwarudisha nyumbani, kwa sababu mtu akishakabidhi amekabidhi. Na kupita kizuizi mbuzi hawakuruhusiwa, kanuni ni kanuni.

Basi mbuzi wakasimama. Upande huu kizuizi, upande ule mto, na jua la Kakuma mnalijua. Hakuna aliyesema ni wake. Marafiki wawili wazee walisimama wakitazamana wakiwa na hasira, kila mmoja akimpa mwenzake mali na mwenzake akikataa. Mimi sijaona ugomvi mwingine wa namna hiyo, na sijui kama upo mahali pengine.

Ndipo Bwana Kipkemboi akasema, "Kama si wako, na si wako, basi kwa sasa ni wa serikali." Akaagiza maji yaletwe. Mama Nyaruach na wenzake wakatoka na madumu na makarai, na wale vijana waliokuwa na fimbo wakaziweka chini wakabeba maji, wakainama kando ya Waturkana kunywesha mbuzi. Mbuzi waliposhiba maji, Bwana Kipkemboi akamgeukia Mzee Ekuru, akamwambia kwa sauti ya unyonge ambayo sikujua anayo, "Mzee, serikali ina mbuzi lakini haina mchungaji. Utanisaidia?"

Mzee Ekuru alifikiri sana. Akasema, "Serikali nitasaidia." Wakaondoka na mbuzi wote. Chai ya Bwana Kipkemboi ilikuwa imeshapoa, akainywa hivyo hivyo.

Bwana Morgan, sasa nakuja kwako, na naomba unisikilize kama dada yako mdogo.

Wiki iliyopita, katika mkutano wako wa kwanza Kakuma, ulisema kwamba kuanzia mwezi ujao mbuzi wote wa wakimbizi waliowekwa kwa wenyeji watakusanywa na kuuzwa. Ulisema kwa adabu, hukututukana, na nakushukuru kwa hilo. Lakini baba yangu hajala vizuri tangu siku hiyo. Na mimi sijalala vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nimo katika jambo hili. Desemba, Mungu akipenda, naolewa na Mwalimu Yai, yule mrefu anayejaribu kujificha nyuma ya nguzo. Kwetu mahari ni ng'ombe, lakini wazee wamekubali mbuzi mpaka tutakapokuwa na mahali pa kufunga ng'ombe. Na mbuzi wa Yai wako wapi? Kwa Mzee Ekuru. Mahari yangu italipwa bila mbuzi hata mmoja kutoka nje ya zizi: wazee watasimama pale waseme, hawa walikuwa wa Yai, sasa ni wa Majok, na mbuzi wataendelea kutafuna. Mnacheka, lakini ukiwauza hao, Bwana Morgan, kwa wazee wetu mimi sitakuwa nimeolewa. Kanisa litasema nimeolewa, baba yangu atasema bado, na nitabaki katikati, kama wale mbuzi siku ile.

Kanuni uliyonayo iliwekwa ili tusigombane na wenyeji. Nakubaliana nayo. Lakini muulize Mzee Ekuru kwa nini hatugombani. Mwizi akija usiku, anapolinda mbuzi wake analinda na wa baba yangu. Ukame ukija, unga wa mama yangu unafika kwenye boma lake kabla hajaomba. Wenyeji wa hapa wanajua kuwa wachache katika nchi kubwa maana yake nini. Mpaka juzi, mtu wa Lokitaung, hapa hapa Turkana, akipanda gari kwenda Kitale alikuwa akisema, "Naenda Kenya." Sasa wamepata serikali yao ya kaunti, na Mheshimiwa uko hapa, na tumaini langu ni kwamba watu waliosahauliwa muda mrefu hivyo hawatakuwa wepesi kutusahau sisi. Amri zinaweza kutoka Nairobi na kurudi Nairobi. Kukaa pamoja kunafanyika hapa, kwenye zizi.

Na sasa, yule aliye nje. Naomba mlango ufunguliwe kidogo mumwone. Huyo, mweusi na mweupe, ni mbuzi jike ambaye Mzee Ekuru amemleta kwa lori kutoka Kakuma. Ni zawadi kwa Bwana Kipkemboi. Miaka yote Mzee Ekuru amekuwa akijaribu kumpa, na miaka yote Bwana Kipkemboi amekuwa akikataa akisema ofisa hapokei. Leo kazi imekwisha, Bwana Kipkemboi, huna kisingizio.

Lakini kuna tatizo. Asubuhi Mama alininong'oneza kwamba mbuzi wa Turkana hataiweza baridi ya nyumbani kwenu. Nikamuuliza Mzee Ekuru tutafanyaje. Akaniambia, "Akae kwangu, mimi nachunga. Akizaa nitapiga simu."

Basi ndugu zangu, mmeona yaliyotokea. Kuanzia leo Bwana Kipkemboi ni mgeni wa Turkana mwenye mbuzi kwenye zizi la Mzee Ekuru, katikati ya wa baba yangu na wa Yai, na wote wamekatwa alama moja sikioni, ya Ekuru. Bwana Morgan, ukija na lori lako mwezi ujao, utawatenganishaje? Sikuombi upuuze kanuni. Nakuomba jambo dogo: kabla hujawakusanya, njoo siku moja ukae pale, unywe maziwa, umuulize mwenye boma.

Naona unasema kitu. Rudia kwa sauti, Bwana Morgan, wazee wa nyuma hawakusikia.

Nitawatafsiria, ndiyo kazi yangu. Amesema hakuna lori litakalotoka kabla yeye mwenyewe hajafika kwa Mzee Ekuru. Amesema atakuja Jumamosi. Na ameuliza kama yale maziwa huwa yanachemshwa.

Hayachemshwi, Bwana Morgan. Utazoea, mwenzako alizoea.

Baba, kaa chini, hajasema ndiyo bado. Amesema atakuja. Bwana Kipkemboi naye alianza hivyo hivyo.

Bwana Kipkemboi, kwa niaba ya wote uliowapa vibali, na wote uliowanyima ukawapa maji, nakushukuru. Hatukupi pole ya kuondoka, kwa sababu mtu mwenye mbuzi mahali hajaondoka. Mheshimiwa, nakushukuru kwa kutuvumilia. Mzee Ekuru, jua limekuwa kali, mpeleke mbuzi wa Bwana Kipkemboi kivulini na umpe maji, safari ya kurudi ni ndefu. Nami nitapanda lori hilo hilo pamoja naye, maana kibali changu kinaisha kesho, na nina harusi ya kuandaa.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.